Kazi ya nyumbani inakuja safi, ukimsimamisha darasani hajui kitu. Walimu, tunaitumiaje hii teknolojia?

#1 Chaki Nyeupe

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Historia kidato cha pili, shule ya kutwa, mkoani Morogoro. Kuna jambo tumelijadili sana ofisini bila kuelewana, nikaona nililete hapa.

Nikitoa kazi ya nyumbani, madaftari yanarudi yamejaa. Aya zimepangwa, sababu zimeorodheshwa hadi ya sita, hitimisho lipo. Kesho yake nikimsimamisha mwenye daftari anieleze sababu mbili tu kwa maneno yake, anatazama chini. Si mmoja wala wawili, na wengine ni watoto wenye akili kabisa.

Najua wanakozipata. Simu shuleni hairuhusiwi, ila nyumbani kuna simu ya dada, ya mjomba, ya jirani, na bando la mia tano linatosha kumaliza kazi ya darasa zima.

Sitaki uzi huu uwe wa kulaani simu. Teknolojia mimi nimejifunzia kazini. Vile vishikwambi vya sensa ya Agosti 2022 tulivyogawiwa walimu ndivyo vilivyonifungua macho: nikaanza kusoma vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), nikatafuta picha na ramani, baadaye nikajaribu akili mnemba (AI), zile mashine za kuuliza swali zikakujibu kama ChatGPT. Ramani ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ambayo zamani ilikula nusu ya kipindi nikiichora ubaoni, sasa napitisha kishikwambi dawati kwa dawati na muda unabaki wa kujadili watu waliobeba ile mizigo.

Lakini kifaa hicho hicho kinachonipa mimi nguvu kinamnyang'anya mwanafunzi zoezi. Mimi nilikutana nacho nikiwa tayari nalijua somo, naweza kukibishia. Yeye hana cha kukibishia. Ndiyo maana naona matumizi ya kuwajibika yanaanza na utaratibu: mtoto ajaribu kwanza mwenyewe, aandike hata kama ni vibaya, kisha aiulize mashine, kisha aikague mashine. Wengi wanaanzia katikati na kuishia hapo hapo.

Huko kwenu mnafanyaje? Na je, chanzo nimekiona sawasawa?

#2 Kijiti cha Moto

Uzi mzuri. Nakaa mbele kabisa, wajuzi waje.

#3 Mama Wawili

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzazi, mwanangu yuko kidato cha kwanza. Jioni anachukua simu yangu anasema "mama, ni kazi ya shule". Nitamnyima vipi? Nikimnyima kesho anaadhibiwa kwa kutomaliza kazi. Nikimpa, anamaliza upesi na anabaki na video. Naomba walimu mtuambie wazazi kwa maandishi: kazi hii inahitaji simu, kazi hii haihitaji. Hapo nitajua pa kusimama.

Haya mambo yote yalianza na korona, pale watoto walipozoeshwa kusomea kwenye simu.

#4 Mbeya Baridi

Dada Mama Wawili, la korona si sahihi sana. Shule zilifungwa Machi 2020 na zikafunguliwa zote mwishoni mwa Juni mwaka ule ule, na vipindi vingi vilirushwa redioni na kwenye runinga. ChatGPT imetoka mwishoni mwa Novemba 2022. Na kabla ya hapo watoto walikuwa wanadesa vilevile, ila walidesa kutoka kwenye daftari la kaka aliyemaliza.

Mwalimu Chaki, nakuheshimu ila naona chanzo umekikosa. Chanzo ni swali. "Taja na ueleze sababu sita za..." ni swali ambalo jibu lake limeandikwa kwenye kila kitini tangu nikiwa mwanafunzi. Tofauti ya leo ni kasi tu. Ukiuliza kitu ambacho jibu lake lipo tayari, mtoto atakwenda lilipo. Muulize babu yake alilima zao gani la biashara na nani alipanga bei, mashine itamjibu nini hapo?

#5 Fundi Mitambo

Kila kizazi kinaogopa chombo chake. Vikokotoo vilipokuja walisema hesabu imekufa. Imekufa? Waacheni watoto watumie, dunia ndiko inakoelekea. Atakayebaki anajaribu kwa kichwa chake atakuja kuajiriwa na yule aliyetumia mashine.

#6 Hesabu Tamu

Fundi, huo mfano wa kikokotoo ukiutazama vizuri unamsaidia mwalimu, haukusaidii wewe. Mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) wa Hisabati kidato cha nne mpaka leo hauruhusu kikokotoo. Mtoto anatumia majedwali. Akifika kidato cha sita, kwenye Hisabati ya juu, anaruhusiwa kikokotoo kisichohifadhi programu. Maana yake waliopanga walisema: kwanza mkono na kichwa, kifaa baadaye. Ndiyo hoja ya #1 hiyo hiyo.

#7 Lensi

Nyongeza kwa #6: kidato cha nne huo huo, kwenye Fizikia kikokotoo kinaruhusiwa. Kwa hiyo si suala la umri peke yake. Fizikia haipimi kama unajua kuzidisha, inapima kama unajua uzidishe nini na nini. Mimi naongozwa na hilo: kifaa kikifanya kile ninachotaka kupima, kinakaa nje. Kikifanya kazi ya pembeni, kinaingia.

#8 Wa Kisumu

Hamjambo watani. Kwetu Kenya mtihani wa Hisabati wa kumaliza sekondari, KCSE, unaruhusu kikokotoo pamoja na majedwali, na bado tuna wahandisi. Sidhani kuzuia kifaa ndiko kunakojenga ufahamu. Mwalimu mzuri atampa mtoto kikokotoo na bado atamuuliza, "Kwa nini jibu limekuwa dogo kuliko ulivyotarajia?" Asiyekisia kwanza hawezi kulijibu hilo.

#9 Hesabu Tamu

@Wa Kisumu mtani, umesema "akisie kwanza". Basi umeshakuja upande wetu, karibu chai.

#10 Wa Kisumu

Chai nakuja kunywa, upande wenu bado.

#11 Ukweli Mtupu

Mnazunguka mbali. Jambo kubwa hamjaligusa: lugha. Mtoto amesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili. Januari anaingia kidato cha kwanza, Biolojia, Jiografia, Kemia, zote Kiingereza. Kazi ya nyumbani hata swali lenyewe halielewi. Anaikimbilia simu imtafutie maana, na kwa kuwa simu inatoa maana pamoja na jibu, anachukua vyote. Akisimamishwa darasani ananyamaza kwa sababu alichonakili hakuwahi kukisoma kwa lugha anayoielewa. Mnamuita mvivu wakati anazama.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo enzi za kamusi. Nilikuwa nakariri ukurasa mzima wa Biolojia bila kujua unazungumzia jani au mzizi.

#12 Chaki Nyeupe

Asanteni wote. Mama Wawili, marahaba, na ombi lako ni la haki kabisa; kuanzia wiki ijayo kazi zangu zitaandikwa juu kabisa "bila simu" au "simu inaruhusiwa".

@Ukweli Mtupu, umenigusa, na kwa masomo mengi nakubaliana nawe. Lakini nina ushahidi unaonizuia kukubali moja kwa moja. Kwenye mtaala huu ulioanza 2024 nafundisha pia Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hilo ni la Kiswahili. Hali ni ile ile. Kazi zinakuja na Kiswahili kilichonyooka kupita kiasi, ambacho hakuna mtoto wa Kihonda anakizungumza, na mwenyewe akiulizwa hana la kusema. Kama lugha ingekuwa ndiyo chanzo pekee, huku ningeona nafuu.

@Mbeya Baridi, la swali nalipokea. Niwape nilichojaribu. Niliiuliza mashine kuhusu Azimio la Arusha, nikaandika jibu lake ubaoni, nikawapa makundi vitabu na kazi moja: lipi hapa ni kweli, lipi si kweli, na unajuaje? Mashine ilikuwa imeandika kwamba Azimio ni la tarehe 29 Januari 1967. Vitabu vikasema 5 Februari. Darasa likalipuka. Kwa mara ya kwanza mwaka huu niliona watoto wanagombania kitabu cha Historia.

#13 Fundi Mitambo

Kwa hiyo mashine ilidanganya. Mimi huwa naiamini sana kwenye tarehe.

#14 Mzee wa Mnazi Mmoja

Vijana, taratibu. Haikudanganya. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, ndiyo iliyolipitisha. Tarehe 5 Februari lilitangazwa kwa wananchi, ndiyo maana tunaikumbuka hiyo. Zote mbili ni za kweli, kila moja na tukio lake. Nilikuwa kijana, nakumbuka matembezi ya kuliunga mkono.

#15 Chaki Nyeupe

Shikamoo mzee. Hapo ndipo tulipofika darasani, ingawa ilichukua muda. Kundi moja lilishikilia mashine ni mwongo. Binti mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: kwani lilipitishwa lini na likatangazwa lini? Hakuna aliyemnong'oneza. Swali lile lilikuwa na thamani kwangu kuliko kurasa zote za kazi za nyumbani nilizosahihisha muhula mzima, kwa sababu alikuwa ameukagua mtambo na kitabu kwa pamoja, akaona vyote vimesema nusu.

Hicho ndicho ninachokiita kuitumia kwa kuwajibika. Kuifungia nje tu hakumfundishi kitu, na kuiamini tu ni hivyo hivyo.

#16 Mbeya Baridi

Sasa hapo umefundisha. Lakini angalia: darasa lilifaulu kwa sababu swali lilikuwa zuri. Bado nasimama kwenye #4.

#17 Lulu ya Mafia

Nawasoma kwa heshima ila naona mnajadili tatizo la wenye navyo. Huku kwetu kisiwani wengi nyumbani wana simu ya kitochi tu. Umeme ukikatika hata kishikwambi changu kinabaki mapambo. Ninachotumia ni flashi, spika ndogo, na redio. Wakati wa korona ni redio ya bibi iliyofundisha wajukuu zake na wa jirani, wamekaa ukumbini na madaftari, na walisikiliza kweli kwa sababu redio hairudii ulichokosa.

Mnapopanga "ajaribu, kisha aulize mashine, kisha akague", mtoto wangu anaishia hatua ya kwanza. Kwenye mtihani wa taifa anakaa na wa kwenu kwenye karatasi moja.

#18 Hesabu Tamu

Dada Lulu, pole. Ila kwa maelezo ya mwalimu wa #1, huyo wako anayeishia hatua ya kwanza huenda darasani anajibu vizuri kuliko wa kwetu?

#19 Lulu ya Mafia

Kwa kujieleza mdomo, ndiyo, wanajitahidi. Kwa upana wa mambo, hapana. Hajawahi kuona picha ya volkano ikilipuka. Mimi sitaki asifiwe kwa kukosa.

#20 Wa Kisumu

Lulu amesema la maana. Sisi serikali iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na vifaa vikaanza kufika shuleni 2016, vikiwa tabuleti. Shule niliyokuwa nafundisha zilifungiwa stoo. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kulipa ikipotea, na walimu wengi tulipewa mafunzo mafupi sana. Zilitoka siku wageni wakija. Watoto walijua rangi ya kasha lake tu.

Na si Kenya peke yake. Peru waligawa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child kwa wingi, na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika uliotoka 2012, uliofuatilia shule 319, haukuona tofauti kwenye alama za hesabu na lugha. Kifaa bila mwalimu aliyejifunza kukitumia kinabaki kifaa. Kwa hiyo mimi nasema chanzo si mtoto wala swali, ni mafunzo ya walimu.

#21 Msafiri wa Kaskazini

Naishi Uswidi, watoto wangu wanasoma huku. Mwaka 2023 serikali ya hapa, baada ya miaka mingi ya kusukuma skrini, iliamua kutoa fedha shule zinunue vitabu vya karatasi, na ikaachana na mpango wa kulazimisha vifaa vya kidijitali kwa watoto wa chekechea. Binti yangu alirudi na kitabu cha Jiografia akakishika kama kitu kipya. Walioanza mapema wanarudi nyuma, nyie huko mnakimbilia nini?

#22 Mbeya Baridi

Kaka Msafiri, wao wanarudi kwenye vitabu ambavyo wanaweza kumnunulia kila mtoto. Mimi darasa langu lina watoto zaidi ya 90 na kitabu kimoja wanashika wanne, watano. Kwangu Maktaba Mtandao ni njia ya kukipata kitabu chenyewe. Usipime kiatu chetu kwa mguu wao.

#23 Sheria Kwanza

Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyegusa upande wa taarifa za watoto. Kuwajibika ni pamoja na sisi watu wazima. Makundi ya WhatsApp ya wazazi yamejaa picha za watoto na orodha za alama, jina kwa jina, wa kwanza mpaka wa mwisho. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Watani zetu wana ya kwao ya 2019, na Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi.

Na mwalimu anayenakili insha ya mtoto yenye jina lake na habari za nyumbani kwao, anaitia kwenye mashine imsahihishie, ajiulize maneno yale yamekwenda wapi. Futa jina kwanza, angalau.

#24 Mama Wawili

Hili la orodha ya alama limeniuma. Mwanangu alikuwa wa mwisho kwenye kundi la wazazi na mama mmoja akaweka kikaragosi cha kucheka. Mtoto aliona kwa sababu simu anaitumia yeye. Wiki nzima hakutaka kwenda shule. Nilimwandikia mwalimu, akaifuta, lakini ilishasambaa.

#25 Chaki Nyeupe

Pole sana dada. Alama za mtoto apewe mtoto na mzazi wake, basi. @Sheria Kwanza ahsante, hili nalipeleka kwenye kikao cha walimu.

#26 Mwalimu wa Zamu

Wenzangu tuambiane ukweli. Tunawakemea watoto wakati maandalio ya somo tunatengenezewa na mashine hiyo hiyo usiku wa kuamkia ukaguzi. Nimeona andalio limeandikwa "wanafunzi watatembelea makumbusho yaliyo karibu". Makumbusho gani, mwalimu, na shule iko katikati ya mashamba ya mkonge? Mtoto akijua hilo atatusikiliza?

#27 Kijiti cha Moto

Hahaha, huyo wa makumbusho namjua, yuko humu na anasoma kimya kimya.

#28 Chaki Nyeupe

@Mwalimu wa Zamu, mimi naitumia kwenye maandalio na silifichi. Darasani kwangu nimewaambia watoto. Nikiandika kwanza lengo langu na shughuli zangu, naiomba inipe maswali ya ziada au mifano; naitupa sehemu kubwa na kubaki na kidogo. Jioni niliyookoa naitumia kusoma walichoandika wao. Mwalimu asiyelijua somo akiachia mashine ipange, hapo makumbusho hujitokeza penye mkonge. Utaratibu ninaoutaka kwa mtoto ndio ninaoufuata mwenyewe, na nataka auone.

#29 Ukweli Mtupu

Mwalimu, hapo nakupongeza. Ila bado hujanijibu. Umesema Kiswahili hakikuleta nafuu. Mtoto akishazoea kunakili kwenye masomo manane ya Kiingereza, hilo moja la Kiswahili utalinusuru vipi? Tabia imeshajengeka.

#30 Chaki Nyeupe

Inawezekana. Ningependa kuona darasa ambalo halikupitia hilo ndipo nikubali.

#31 Msubiri Matokeo

Samahanini wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nimemaliza kidato cha sita juzi. Niseme upande wetu. Tunanakili kwa sababu kazi inasahihishwa kwa kujaa. Rafiki yangu aliandika nusu ukurasa wa mawazo yake akapata 4, mimi nikaleta kurasa tatu za mtandaoni nikapata 9. Baada ya hapo naye akaacha kufikiri. Siku mwalimu wetu wa Jiografia alipoanza kutuuliza mdomo dakika mbili mbili mezani kwake, kunakili kulikoma ndani ya mwezi.

Na mimi nina swali. Chuo wanasema tutaruhusiwa kuitumia akili mnemba ilimradi tuseme tumeitumia wapi. Sekondari hatukufundishwa hata siku moja. Mtatufundisha lini, kama kila siku ni kukatazwa?

#32 Mbeya Baridi

Marahaba kijana. 4 kwa 9! Hilo peke yake linastahili uzi wake.

#33 Lensi

Marahaba. Dakika mbili mezani ni nzuri sana, lakini watoto 90 ni saa tatu. Nani ana saa tatu? Mimi huwa nachagua kumi bila kutangaza nani. Wote wanajiandaa kwa sababu hakuna anayejua zamu yake.

Kuhusu kufundishwa, UNESCO kwenye mwongozo wao wa 2023 walipendekeza umri wa miaka 13 uwe wa chini kabisa kwa kuitumia darasani. Kidato cha pili wengi wameshapita hapo. Kwa hiyo umri si kisingizio.

#34 Hesabu Tamu

Umri wanao, misingi hawana. Kwenye somo langu mtoto asiyejua hesabu za sehemu (nusu, robo na kadhalika) hawezi kuikagua mashine iliyokosea sehemu. Nianze na lipi?

#35 Wa Kisumu

Anza na yote mawili kipindi kimoja. Mpe jibu la mashine lenye kosa la sehemu, mwambie alitafute. Atajifunza sehemu na kukagua kwa pamoja.

#36 Hesabu Tamu

Nilijaribu. Wanaojua walilipata mara moja, wasiojua walinakili kosa lenyewe kwenye daftari kama jibu. Mtani, nipe lingine.

#37 Lulu ya Mafia

Mwalimu Chaki, lile jibu la Azimio uliloliandika ubaoni bado unalo? Liweke hapa kama picha yenye MB chache. Mashine sina, ila ubao na chaki ninavyo, na vitabu nitaazima shule ya jirani. Nataka kulijaribu Jumatatu.

#38 Chaki Nyeupe

Dada Lulu, nalichapa kwa maandishi matupu lisile bando. Nipe nusu saa, naliweka hapa chini pamoja na maswali niliyowapa makundi.